Nitaivaa Kofia Yake

Mtoni, Temeke
8 Desemba 2024

Shangazi yangu Zubeda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na wenzako wote huko mliko, huko ambako hata jina lake hamruhusiwi kuliandika. Sisi Mtoni hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua, ila mdomo haujamsumbua hata siku moja. Baba anakusalimia. Mama anasema wifi yake ana bahati, analishwa na Umoja wa Mataifa wakati yeye analia na moshi wa mihogo.

Mtihani wa kidato cha nne nimemaliza, nasubiri matokeo. Kwenye mahafali nilichaguliwa kusoma risala ya wahitimu. Nikasoma mstari wa kwanza, sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Lulu, yule ninayekaa naye dawati moja, akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu akamalizia. Kwa hiyo usishangae ninaandika badala ya kuongea. Ukipiga simu bibi anaing'ang'ania mpaka salio linakwisha, na hata nikipewa nasema "nzuri" tatu basi. Kwenye karatasi nina maneno.

Sasa mambo ya Fransis. Yale aliyoandika chini ya sahihi yako kwenye barua iliyopita niliyasoma mbele ya wote: "Enyi Wazaramo, mabingwa wa kulala mchana, mimi Mnyamwezi niliyewabebea babu zenu mizigo nimeipokea kofia. Inanibana, maana ilishonwa na mtu anayedhani vichwa vyote ni vitupu kama chake." Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Ile kofia ya kiua aliishona kwa macho yake hayo hayo mabovu, eti tabibu wa gari lako la wagonjwa naye aonekane mtu mbele za watu.

Bibi ameniamuru nimjibu mimi. Anasema nimemaliza shule, nianze kujua kumjibu mtani, maana sisi na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu. Basi mwambie hivi: siku akifa, mimi Hamisa binti Mwishehe nitakwenda kwenye msiba wake kama watani wanavyokwenda. Nitaivaa kofia yake, nitatembea kama yeye, nitalia machozi ya kitunguu, na sitoki mlangoni mpaka nipewe kuku mzima.

Nimeona haya kuandika hivyo, lakini bibi amesimama nyuma yangu na amesema nisifute.

Mwanao,
Hamisa


Kambini
2 Februari 2025

Mwanangu Hamisa,

Marahaba. Barua yako imefika. Mimi mzima. Kazi zinaendelea. Nisalimie mama, kaka na wifi.

Huku jua ni kali. Soma kwa bidii, na mtihani wa kidato cha nne ukikaribia usiwe na wasiwasi.

Mwambie mama asishone kofia nyingine.

Shangazi yako,
Zubeda


Mtoni
19 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku wote wazima, joto tu ndilo limetukalia. Matokeo yametoka, nimepata daraja la pili. Baba amenunua soda za mtaa mzima, hata wale wanaotusema.

Shangazi, mtihani nilishaufanya. Nilikuandikia. Nilifikiri labda barua ilipotea njiani, lakini umesema imefika.

Nimeigeuza barua yako pande zote kutafuta mstari wa Fransis. Haupo. Je, nilivuka mpaka na yale maneno ya kofia? Nimemuuliza bibi, akasema mtani hakasiriki, akikasirika si mtani tena, ni jirani. Halafu akauliza, "Hivi kweli kasema nisishone?" Nikamwambia ndiyo. Siku hiyo hakugusa sindano.

Mama anasema cheo kimekupanda kichwani, hata wifi yako humtanii siku hizi. Bibi amekwenda kwa shehe usomewe dua. Niandikie hata matusi, nitafurahi.

Hamisa


Mtoni
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani ni salama. Nimengoja jibu lako hata nikaacha kumuuliza baba kama kuna mtu amekuja na barua.

Jana mtu amekuja. Sajenti Kamugisha wa kikosi chako yuko likizo, ametuletea sabuni na kitenge ulivyomtuma. Bibi akamkaribisha chai, na kwa kuwa ni Mhaya akamwomba msamaha kwa kuwa hatukuwa na ndizi. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Unajua mimi si mtu wa kuanza mazungumzo, lakini nilimuuliza:

"Afande, Fransis kakasirika na barua yangu?"

Akasimama. "Ina maana Zubeda hajawaambia?"

Kisha akaniambia. Fransis alifariki Desemba, na barua yangu ya kofia ilikuja baada yake, Kamugisha mwenyewe ndiye aliyekukabidhi. Shangazi, nilikaa chini pale pale pembeni ya Barabara ya Kilwa na gauni langu la kutokea.

Nikamuuliza wewe ukoje. Akasema unaendesha vizuri, hukosi zamu. Akasema pia unalala umekaa ndani ya gari, buti miguuni, na wenzako wakicheka unaondoka. Nikauliza kama hakuna daktari. Akasema yupo, tena mnapimwa wote, mnaulizwa mmoja mmoja. Unalala vizuri? Ndiyo. Unaota ndoto za kutisha? Hapana. "Sote tunajibu hivyo, binti. Ukijibu vingine unaitwa kichaa, unapokonywa usukani, unarudishwa nyumbani na mtaa mzima unajua."

"Na shangazi?"

"Yeye anajibu haraka kuliko sisi sote."

Shangazi, unakumbuka walipokuja kutupima macho shuleni? Niliogopa kuitwa Miwani, nikasikiliza waliotangulia, nikakariri herufi zote za ule ubao. Nikasifiwa kwamba nina macho ya tai. Mwaka mzima nikanakili daftari la Lulu maana ubaoni nilikuwa naona ukungu. Wewe ndiye uliyegundua, ulipokuja likizo ukaniona nimesalimia gunia la mkaa nikidhani ni Mama Jabiri. Hukunipiga. Ulinipeleka kununua hii miwani, ukaniambia, "Waliyempima siku ile ni rafiki yako uliyemsikiliza. Wewe bado hawajakupima."

Nakurudishia maneno yako. Yule Zubeda anayejibu haraka ndiye anayepimwa. Wewe bado. Baba akisikia atasema askari hapimwi kichwa. Mama mtaani atasemwa. Mimi sijali, nitawaambia hata wale waliokunywa soda zetu kwamba unatibiwa. Mjibu daktari kweli.

Na nisamehe kwa ile kofia.

Hamisa


Kambini
15 Juni 2025

Mwanangu Hamisa,

Marahaba mwanangu, na pole kwa kungoja. Hongera kwa daraja la pili. Nimeisema kwa sauti, hata ninayelala naye hema moja amegeuka kuniangalia. Mwambie wifi kwamba moshi wa mihogo ndio unaomng'arisha, asiuache.

Barua yako niliichomeka ndani ya buti. Nilikukasirikia. Mtoto niliyembeba mgongoni ananifundisha kazi! Nikaendelea kukukasirikia mpaka siku ya kupimwa ilipofika.

Mpimaji wetu ni Kapteni Badru, mtu wa Tanga, mpole, ana meza ya plastiki chini ya turubai. Anauliza, unajibu, anakuja mwingine. Foleni yetu huenda mbio kama ya chakula. Nilipokaa akaanza, "Koplo, usiku huwa..." Nikasema, "Vizuri sana, afande." Akaweka kalamu chini. "Mbona umejibu swali ambalo sijaliuliza?"

Nikakuona wewe, umesimama wima unausomea ule ubao usiouona. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Desemba, kwa hiyo kicheko kilitoka vibaya, na katikati ya njia kikageuka kilio. Huko nyuma foleni yote inasikia. Nilijua nimekwisha. Kapteni akaushusha upande wa turubai, akaniambia, "Hapa hatuna haraka."

Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nawe nakuambia, kwa kuwa ndiwe uliyeuliza.

Siku ile msafara wetu ulishambuliwa. Fransis alishuka kuwachukua majeruhi, akapigwa risasi yeye. Nilimpakia kwa mikono yangu. Njia nzima alikuwa ananitania. "Mzaramo, endesha, au unadhani tunakwenda ngomani?" "Haya mashimo unayachagua mwenyewe?" Mimi barabara siioni. Nikamfokea, "Fransis, nyamaza!" Nilimwambia kama bosi, si kama mtani. Akanyamaza. Miaka yote ile hakuwahi kunitii hata kwa jambo dogo, siku hiyo akanitii. Tulipofika alikuwa ameshakwenda.

Kapteni Badru hakunipa yale maneno ya "si kosa lako" ambayo kila mtu hunipa. Aliuliza, "Mtani anapokutania wakati umezidiwa, anataka nini?" Nikafikiri sana. Nikasema anataka nisianguke. Akasema, "Na gari lilianguka?" Halikuanguka, Hamisa. Majeruhi wengine wote niliokuwa nao nyuma wamepona. Fransis aliniendesha mimi, nami nikaendesha gari. Nimelirudia hilo kila siku mpaka limeanza kuniingia.

Hawakunirudisha nyumbani. Cheo hawajakigusa. Nimepewa dawa ya kunisaidia usingizi kwa muda, na kila Jumanne ninakaa na Kapteni tunazungumza. Nalala kitandani, buti nje. Lakini usukani wameuchukua, nipo stoo nahesabu matairi, na hakuna anayeniahidi kuwa nitaupata tena. Mimi ni dereva. Bila usukani sijui nijiite nani. Hilo ndilo linaloniuma sasa, na angalau hili naweza kulisema.

Kuhusu kofia, hukukosea. Ulimtania mtani aliye hai, hivyo ndivyo ulivyojua. Fransis alizikwa Bunju, kwa mama yake. Wenzetu wanasema gwaride lilikuwa zuri, risasi za heshima, bendera, kila kitu. Lakini hakuna Mzaramo hata mmoja aliyekwenda kuwasumbua. Mtani ameondoka kama mkurugenzi.

Kofia ninayo mimi.

Shangazi yako,
Zubeda


Mtoni
10 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na bibi anakusalimia akiwa na sindano mkononi. Baba nilimsomea barua yako yote. Alitoka, akarudi na karanga, akasema, "Mwandikie dada yangu kwamba mimi ningeanguka na gari." Hiyo ndiyo salamu yake. Mama amekata kanga mbili, moja ni yako.

Jumamosi mimi na bibi tulikwenda Bunju kwa Mama Fransis. Ni mwanamke mrefu, anafuga kuku nyuma ya nyumba. Bibi alianza kurusha matusi toka getini: "Hodi hapa kwa wabeba mizigo! Mmeshaamka kutafuna viazi vyenu vikavu?" Mama Fransis akasema, "Karibuni, mama zangu," akatupangusia viti. Akatuletea soda na glasi na vitambaa chini ya glasi. Bibi akanong'ona, "Mambo ni mabaya. Mtani huyu hatutukani."

Baada ya muda Mama Fransis akasema mwenyewe: "Msiba wa mwanangu ulikuwa kimya kama ofisi. Kila mtu alikuwa na adabu. Sijui kama amekufa kweli, maana hakuna aliyenichokoza." Akatuonyesha kaburi nyuma ya migomba. Bibi alinifinya mkono.

Desemba atafanya misa ya kumbukumbu ya mwaka. Bibi akamwambia tutakuja. Akaongeza kwamba atakayesimama mlangoni ni mimi.

Shangazi, mimi! Risala ilinishinda nikiwa nimeandikiwa kila neno. Nimekuwa nikiharisha tangu Jumamosi.

Na usukani, wamekwambiaje?

Hamisa


Kambini
19 Oktoba 2025

Mwanangu Hamisa, mharishaji wangu,

Marahaba. Wasalimie wote, na mwambie kaka nimemsamehe kwa kunivunjia baiskeli utotoni, kwa sababu ya salamu ile.

Nimerudishiwa usukani!

Kapteni Badru na mkuu wa kikosi walinipa kwanza gari tupu ndani ya kambi, kisha gari la maji, kisha siku moja Kapteni akaja mwenyewe akakaa kiti cha Fransis. Akasema, "Twende barabara ile." Tulikwenda. Penye mashimo nilitetemeka. Nikasema kwa sauti, "Ninatetemeka, afande." Akasema, "Nimeona, endelea." Tukafika, tukageuza. Wiki iliyofuata nikapewa gari langu la wagonjwa, na ndani yake akazaliwa mtoto, tumechelewa kidogo tu kufika kituoni. Mama yake amempa jina langu. Huku kuna Zubeda mwingine sasa, anapiga kelele kama wewe usivyopiga.

Lakini subiri nikuambie jambo kubwa. Kabla ya kurudi nyumbani tunapimwa tena, kikosi kizima. Kapteni akaniomba niseme neno kabla hajaanza. Nikasimama mbele ya wanaume na wanawake wote wale, nikawaambia: "Mie nilijibu hapana kwa kila kitu na nikalala na buti. Kisha nikajibu ndiyo. Mnaniona nimevuliwa nini?" Nikakaa chini.

Hamisa, safari hii foleni ilikwenda polepole sana. Jua likatupiga, watu wamesimama, na hakuna aliyelalamika, maana kila anayeingia chini ya turubai anachelewa kutoka. Wengine wametoka macho mekundu. Aliyekaa kuliko wote ni Kamugisha, na ameniambia nisikuambie.

Tutatua nyumbani Novemba, lakini tutakaa kwanza kikosini, tupumzike na kuonana tena na madaktari. Sidhani nitaruhusiwa kufika Bunju. Kwa hiyo kofia nimempa Kamugisha, ambaye ruhusa yake inatangulia yangu, akuletee. Jasho la Fransis bado limo, usiifue. Na Mama Fransis msomee barua zangu, hata ile ya Juni.

Anavyotembea: vidole vya miguu vinatazama nje, mikono nyuma, tumbo mbele, kama bata aliyepandishwa cheo. Akitaka kusema jambo huanza kwa kukohoa. Ukiogopa, kohoa. Watadhani ni utani.

Shangazi yako, dereva,
Zubeda


Bunju
14 Desemba 2025

Shangazi yangu dereva,

Shikamoo! Naandika nikiwa hapa hapa Bunju, nimekaa kwenye mkeka, na wino unachafuka kwa sababu nina mafuta ya kuku vidoleni. Bibi amelala na viatu. Mama anaosha vyombo na wanawake wa Kinyamwezi, wanamtukana, anawatukana. Baba anacheza bao na Kamugisha.

Misa ilikuwa asubuhi. Sisi tuliwatangulia nyumbani, nikasimama getini na kofia kichwani. Inanifika mpaka kwenye miwani. Wakaja, padri mbele, Mama Fransis katikati, watu wengi, wote na adabu zao. Nikanyoosha mikono kuziba geti.

Na sauti ikakatika. Ile ile ya mahafali. Nikawaona wote wananiangalia, Mama Fransis anaiangalia ile kofia. Safari hii Lulu hakuwepo wa kuja kunipokea karatasi, na karatasi yenyewe sikuwa nayo.

Nikakohoa.

Mama Fransis akashtuka. Nikakohoa tena, nikaweka mikono nyuma, nikatoa tumbo, nikageuza vidole nje, nikatembea toka nguzo moja ya geti hadi nyingine. Maneno yakaja yenyewe: "Enyi Wanyamwezi! Nani kawaambia nimekufa? Nimechoka tu kuendeshwa na Mzaramo! Mwaka mzima nipo hapo nyuma ya migomba, hakuna hata mmoja aliyekuja kunitukana. Mnaninyamazia mimi? Nilinyamaza siku moja tu, tena kwa kuwa dereva alikuwa na kazi! Hapiti mtu hapa, padri wala kuku, mpaka mama yangu anitukane!"

Kisha nikatoa kitunguu mfukoni nikajipaka machoni, na kilikuwa kikali kweli, nikalia kama ng'ombe.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani nimeharibu. Mama Fransis akaja taratibu mpaka mbele yangu, akainyoosha ile kofia kichwani mwangu, kama mtu anayemtengeneza mwanawe kwenda shule. Halafu akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia:

"Toka getini kwangu, mwizi wa nazi! Hata kufa mnataka mtusaidie, wavivu wakubwa!"

Shangazi, geti zima lililipuka. Watu walicheka wakalia, wakalia wakacheka, padri alishika ukuta. Mama Fransis alinikumbatia tukaanguka wote wawili, na pale chini alilia kilio ambacho bibi anasema alikuwa amekiweka mwaka mzima. Alipoinuka aliomba ugali, akala sahani nzima. Dada zake wanasema hawajamwona akila hivyo tangu msiba.

Kuku nimepewa. Mzima, kama nilivyodai.

Nimemsomea barua zako, ile ya Juni pia, maana uliniruhusu. Kisha akaniomba kalamu, akauliza mwanawe alikuwa akiandika wapi. Nikamwonyesha, chini ya sahihi.

Mwanao,
Hamisa binti Mwishehe

Wewe dereva Mzaramo, nimesikia ulimfokea mwanangu anyamaze. Mimi nilimfokea miaka thelathini na hakunyamaza, kwa hiyo usijione. Kuku wako yuko bandani, ni jogoo, ananuna kama wewe. Ukiruhusiwa njoo umchukue. Usipokuja namla, na manyoya nitakutumia ushonee kofia. Asante kwa kutoangusha gari. Mama Fransis.